Dawa za Wazee Wetu Zipimwe



Katika shule yetu hii maneno juu ya dawa za miti shamba hayana mwisho. Mwanafunzi akiumwa tumbo usiku bwenini, huyu atamwambia atafune majani ya mpera, yule atamwambia anywe mwarobaini, na wa tatu atawacheka wote wawili na kusema kwamba mambo hayo yamepitwa na wakati, heri angoje zahanati ifunguliwe asubuhi. Nimeyasikiliza mabishano hayo kwa miaka minne, nami nimeona jambo moja: kila upande una hakika, wala hakuna upande ulio na ushahidi. Kwa hiyo naomba nafasi katika gazeti letu nieleze shauri langu, nalo ni hili: dawa za wazee wetu zisitukuzwe wala zisidharauliwe, bali zipimwe.

Nianze na wale wanaodharau. Wenzetu hawa hudhani kwamba dawa ya kweli ni ile iliyotiwa katika karatasi ya kung'aa, na kwamba mzizi na gome ni mambo ya washirikina. Je, wamepata kuuliza kwinini ilitoka wapi? Ilitoka katika gome la mti. Wenyeji wa milima ya Andes, huko Amerika ya Kusini, ndiko mti huo ulikokuwa ukiota, na gome lake lilisagwa na kunywewa kwa homa kwa muda mrefu kabla ya mtu yeyote kujua ndani yake mna kitu gani. Taabu ilikuwa moja. Magome yalitofautiana kwa nguvu, na wafanya biashara wengine waliyachanganya na magome ya miti mingine; basi mtu hakuweza kujua ampe mgonjwa kiasi gani. Mwaka 1820 Wafaransa wawili, Pelletier na Caventou, walikitenga kile kitu chenye kuponya wakakiita kwinini. Tangu hapo dawa iliweza kupimwa kwa mizani. Hata hapa kwetu, Wajerumani walipoanzisha kituo cha utafiti wa mimea huko Amani, katika milima ya Usambara, mwaka 1902, mikwinini ilikuwa miongoni mwa miti waliyoipanda.

Wala si kwinini peke yake. Mwanafunzi akiugua malaria leo hupewa dawa mseto. Nusu ya nguvu za dawa hiyo imetokana na mmea ambao wataalamu huuita Artemisia annua, na Wachina huuita qinghao. Historia yake yafaa kila mwanafunzi wa sayansi aijue. Mwaka 1967 serikali ya China ilianzisha utafiti mkubwa wa kutafuta dawa mpya ya malaria, maana dawa ya zamani ilikuwa imeanza kushindwa. Mama mmoja jina lake Tu Youyou alipewa kuongoza kikundi cha watafiti. Hakuwa na shahada ya juu ya udaktari, wala hakusoma ng'ambo. Yeye na wenzake walikusanya maelekezo ya tiba zaidi ya 2,000 kutoka katika vitabu vya kale na kwa waganga, wakayachuja, wakapima mimea mingi kwa panya walioambukizwa malaria. Qinghao ilionyesha dalili njema mara ya kwanza, lakini walipoirudia haikufanya kazi sawasawa.

Mtu wa haraka angeiacha hapo. Yeye alirudi kusoma kitabu cha tabibu Ge Hong, kilichoandikwa karne ya nne, akaona kwamba mwandishi aliagiza majani yalowekwe majini kisha yakamuliwe, wala hakutaja kuyachemsha. Akawaza: huenda moto ndio unaoharibu dawa! Basi akatumia kimiminiko kiitwacho etha, ambacho huchemka kwenye nyuzi 35 tu za joto, akaitoa dawa bila ya kuiunguza. Tarehe 4 Oktoba 1971 dawa iliyopatikana kwa njia hiyo iliwaponya panya wote. Mwaka 1972, kabla ya kuwapa wagonjwa, yeye na baadhi ya wenzake waliinywa wenyewe ili wajue kama ina madhara. Mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Nobel.

Katika habari hiyo nani alikuwa na haki, mzee wa kale au maabara? Mimi naona wote wawili. Bila ya mzee, maabara isingejua itafute wapi. Na bila ya maabara, neno la mzee lingekaa kitabuni miaka 1,600 bila ya kumponya mtoto hata mmoja wa huku kwetu.

Sasa niwageukie wenzangu wanaosifu, maana hao ni wengi zaidi. Wao husema, "Babu zetu waliishi bila ya maabara, na dawa zao ziliwaponya." Neno hili lapendeza masikioni, walakini lina upungufu mkubwa. Sisi tunawasikia waliopona. Waliokufa hawasemi. Tena yako maradhi mengi ambayo huondoka yenyewe, mtu anywe dawa au asinywe. Mafua hudumu wiki moja; ukinywa majani siku ya tano, siku ya saba utayasifu majani. Hapo mtu hajasema uongo, ila hakuwa na la kulinganisha.

Mfano wake tuliuona katika nchi yetu. Mwaka 2011 maelfu kwa maelfu ya watu, pamoja na wa nchi jirani, walisafiri hadi kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya mizizi kwa mchungaji Ambilikile Mwasapile, kwa shilingi 500. Foleni ya magari ilifika kilomita nyingi. Mzee huyo alifariki mwaka 2021. Mimi simlaumu mtu hata mmoja aliyekwenda, maana mgonjwa hutafuta, na bei ile haikumfukarisha mtu. Lakini tutazame jinsi habari zilivyoenea. Aliyejisikia nafuu alirudi kwao akatangaza, na sauti yake ikasikika mbali. Aliyerudi hali yake ile ile alinyamaza. Wengine walifariki barabarani wakingoja zamu yao. Hayo yote hayawezi kumwambia mtu kama kikombe kile kinatibu au hakitibu. Ili kujua, yapasa wagonjwa wa ugonjwa mmoja wagawanywe makundi mawili, kundi moja lipewe dawa na la pili lipewe kitu kinachofanana nayo bila ya kuwa dawa, wala wenyewe wasijue nani kapewa nini; kisha wapimwe wote, na hesabu iandikwe, hata ya wale ambao hawakupona.

Huenda mtu akasema haya ni mabishano ya darasani tu. La, si hivyo. Mjomba wangu mmoja ni fundi cherehani, naye ana ugonjwa wa kisukari. Hospitali walimpa vidonge, akavimeza miaka mitatu, na hali yake ikawa nzuri. Siku moja stendi ya mabasi mtu alimuuzia unga wa mizizi katika kopo, akamhakikishia kwamba akiutumia siku sitini ataachana na vidonge kabisa. Mjomba akaacha vidonge. Kabla ya siku hizo kwisha alipata kidonda kidogo kidoleni mwa mguu, nacho kikakataa kupona, na mwisho mguu ulikatwa chini ya goti. Mama yangu alilichukua lile kopo kumpelekea daktari. Halikuwa na neno hata moja juu yake: jina la mti, kipimo, tarehe, wala mahali ulipotengenezwa. Siku hizi binamu yangu ndiye anayekanyaga cherehani, na mjomba hukaa pembeni akikata vitambaa.

Sisemi kwamba unga ule ulikuwa sumu. Pengine ulikuwa na faida yake. Ninachosema ni kwamba hapana mtu, hata muuzaji mwenyewe, aliyejua mna nini ndani yake, kiasi gani chatosha, na kama waweza kushika nafasi ya vidonge. Kwa kutojua huko mjomba wangu ndiye aliyelipa.

Na madhali nimetaja kisukari, nitoe habari nyingine inayofanana. Uko mmea mdogo wenye maua meupe au ya rangi ya waridi, asili yake Bukini, yaani Madagaska, nao siku hizi hupandwa mbele ya nyumba nyingi mijini kwetu. Jina lake la kitaalamu ni Catharanthus roseus. Katika nchi mbalimbali watu walikuwa wakinywa chai ya majani yake kutibu kisukari. Miaka ya 1950 watafiti wawili wa Canada, Robert Noble na Charles Beer, waliipima dawa hiyo kwa wanyama. Sukari haikushuka kwa kiasi cha maana. Lakini waligundua kwamba chembe nyeupe za damu zimepungua sana. Wakajiuliza: kama kitu hiki chapunguza chembe nyeupe, je, hakiwezi kumsaidia mtu mwenye saratani ya damu, ambaye chembe zake nyeupe zimezidi kupita kiasi? Mwaka 1958 walitangaza dawa iitwayo vinblastini. Baadaye katika mmea ule ule ilipatikana vinkristini, ambayo hadi leo ni miongoni mwa dawa wanazotibiwa watoto wenye saratani ya damu.

Hapo wazee walikosea juu ya kisukari, walakini hawakukosea kwamba mmea ule una nguvu. Na wenye kuudharau nao wangekosea zaidi, maana wasingeupima kabisa. Hii ndiyo sababu napenda kipimo kuliko ubishi: kipimo huweza kukupa jibu ambalo hapana aliyelitazamia.

Watu wengine hufikiri kwamba kupima dawa ni kuitia katika bomba la kioo na kungoja ibadilike rangi. Kazi yenyewe ni ndefu. Kwanza mmea huchumwa pamoja na majani na maua yake, hukandamizwa baina ya karatasi ukauke, na wajuzi huutambua jina lake hasa. Halafu husagwa na kulowekwa, na maji yake hujaribiwa juu ya vijidudu vya ugonjwa. Hujaribiwa kwa wanyama ili kujua kiasi kinachodhuru. Kisha hutengwa sehemu baada ya sehemu, mpaka ijulikane ipi inayofanya kazi. Mwisho hujaribiwa kwa watu waliokubali kwa hiari yao, wachache kwanza na wengi baadaye. Huenda miaka mingi ikapita, na dawa nyingi huanguka njiani.

Hata hiyo kazi ya jina, ambayo yaonekana ndogo, yaweza kuua au kuokoa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, mjini Brussels, Ubelgiji, wanawake waliotaka kupunguza unene walipewa vidonge vyenye mimea ya Kichina. Mmea mmoja ulikuwa umebadilishwa na mwingine kwa sababu majina yao ya Kichina yalifanana. Ule wa pili ulikuwa sumu ya figo. Wanawake zaidi ya 100 waliharibika figo, na wengine baadaye walipata saratani. Hapa kwetu mti mmoja waweza kuwa na majina kumi katika makabila kumi, na jina moja laweza kuwa la miti miwili. Basi anayesema kwamba kitu cha asili hakiwezi kudhuru na alifikirie jambo hili.

Na kipimo nacho ni jambo kubwa. Watu wengine, waliposikia kwamba dawa ya malaria imetoka katika Artemisia, walianza kuchemsha majani yake na kunywa kama chai. Shirika la Afya Duniani halikubali matumizi hayo, kwa sababu kiasi cha dawa katika majani hubadilika kutoka mmea hadi mmea, na aghalabu hakitoshi. Dawa isiyotosha haiui vimelea vyote. Wale wanaobaki ndio wanaozoea, na mwishowe hata dawa ya zahanati huja kushindwa. Mtu mmoja akinywa kidogo nyumbani kwake, huenda akamharibia dawa jirani yake.

Sasa liko swali moja gumu ambalo wazee huliuliza, nami sipendi kulikwepa. Wao husema, "Nikikuonyesha mti wangu, utaupeleka maabara, wenye fedha watatengeneza dawa, nami nitabaki na jembe langu." Hofu hii ina msingi. Ule mmea wa Bukini umeleta fedha nyingi kwa kampuni za ng'ambo, na watu wa Bukini wamelalamika kwamba hawakupata fungu lao. Tena uko mti wa misitu yetu ya milimani, Prunus africana, ambao gome lake hutengenezewa dawa ya tezi la wazee wanaume. Ulichunwa ovyo katika nchi mbalimbali za Afrika, hata ikabidi mwaka 1995 biashara yake iwekwe chini ya mkataba wa kimataifa ili usije ukatoweka. Kwa sababu kama hizo mataifa yalifanya Itifaki ya Nagoya mwaka 2010, isemayo kwamba wenye mmea na wenye elimu ya mmea waombwe ruhusa na wapate sehemu yao ya faida. Na hapa Tanzania ipo Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, na baraza linaloandikisha waganga.

Walakini siri nayo haimlindi mzee. Yatulazimu kusema ukweli: wazee wanaokufa na siri zao ni wengi kuliko wanaoibiwa. Wahenga walinena, "Mali bila daftari huisha bila habari." Elimu ya dawa ni mali, na daftari lake hatunalo. Haki ya mzee hulindwa na maandishi yanayoonyesha kwamba fulani wa mahali fulani alikijua kitu hiki siku fulani. Hailindwi na kaburi.

Basi tufanye nini? Kwa serikali naomba fedha za utafiti ziongezwe. Chuo cha Muhimbili kilianza kazi hii mwaka 1974 kwa kitengo kidogo, nacho kikawa taasisi kamili ya tiba asili mwaka 1991. Kazi ya kupima miti ya nchi nzima ni kubwa, tena hapana nchi nyingine itakayotujali kuliko tunavyojijali.

Kwa walimu wetu wa Baiolojia na Kemia naomba kitu kidogo kinachowezekana. Kila likizo wanafunzi wanaopenda wapewe kazi ya kuleta mmea mmoja wa dawa wa kwao, uliokaushwa baina ya magazeti, pamoja na majani, na maua kama yapo. Waandike jina lake la kienyeji, mahali ulipoota, na kazi yake kama alivyoeleza mzee, kwa ruhusa yake na jina lake likiandikwa kama apenda. Mimea hiyo itunzwe katika kabati la maabara yetu. Isichemshwe wala isinyweshwe mtu. Sisi si waganga, wala hatuna vyombo vya kupima sumu. Lakini tukiwa na kabati la namna hiyo miaka kumi, mtaalamu wa chuo kikuu akija hapa hataanza na mikono mitupu.

Kwa wazazi naomba mambo mawili. La kwanza, msiache dawa ya hospitali kwa sababu ya kopo lisilo na jina. Na kama mnatumia dawa ya miti, mwambieni daktari bila ya haya, maana dawa mbili zaweza kugombana tumboni. La pili, mtufundishe majina ya miti. Katika bweni letu wapo vijana wanaoweza kutaja wachezaji wote wa timu mbili za Ulaya, wala hawajui miti mitano ya shamba la baba yao, nami simo mbali nao.

Na kwa wenzangu wa mabwenini nasema hivi. Mwarobaini umepewa jina hilo kwa kuwa watu husema unatibu maradhi arobaini. Mimi ningefurahi zaidi kama tungeyajua kwa yakini mawili tu kati ya hayo arobaini, na kipimo chake, na ni nani asiyefaa kuutumia. Hayo mawili tungeweza kumwandikia mgonjwa juu ya kopo.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne